Kambare Kwenye Mafiga ya Mwenyekiti

Mniwie radhi mapema, kabla hamjaanza kuzomea. Bibi yangu aliijua hadithi hii vizuri. Mimi niliisikia nusu, nusu nyingine nikasinzia. Sauti yangu ya samaki ni ileile ya nyati, na nyati wangu anafanana na shemeji yangu. Mkiona nimekosea, chekeni. Nikipatia, chekeni zaidi ili nijue.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, ya wagonjwa? Paukwaaa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, kale hasa, kobe akiwa bado anakimbia, palikuwa na ziwa katikati ya nchi tatu. Uwandani, nchi ya Nyati. Mlimani, nchi ya Nyani. Kwenye mawe, nchi ya Fisi. Ziwa lenyewe halikuwa la yeyote. Ndani yake aliishi Bi Kambare, masharubu hayo, na watoto mia mbili. Ndiyo, mia mbili! Wewe wako watatu na kila siku unalalamika.

Bi Kambare hakujua kutulia. Kila alfajiri, chubwi! anakwenda kupima maji kwenye jiwe lililosimama katikati ya ziwa kama mtu anayeoga. Leo maji yako shingoni mwa jiwe. Kesho shingoni. Keshokutwa, kifuani.

"Nani anakunywa hivi?" akauliza.

Hakuna aliyekunywa. Balaa lilikuwa juu. Nyati alichoma nyika ili nyasi changa zichipue. Babu yake alichoma, baba yake alichoma, na yeye akachoma mpaka akanenepa shingo isigeuke. Nyani aligundua juzijuzi tu kwamba nyuki wakifukizwa hulegea. Basi kila mzinga na moto wake. Fisi alichoma mifupa. Ya nini? Hata yeye hajui, alipenda harufu. Moshi ukapanda, fuu! fuu! ukatanda kama blanketi. Joto likabaki chini linatafuta mlango. Wingu likija na mvua yake, likifika pale, koho! koho! linageuza njia.

Bi Kambare akatoa kichwa. "Jamani! Ziwa linakwisha! Wanangu waogelee kwenye nini, kwenye jasho lenu?"

Mkutano ukaitwa ufukweni, nchi zote tatu.

Sasa sikilizeni mila ya wanyama hao. Mkutano usiofungwa kwa pilau haukuwa mkutano, ulikuwa umbeya. Na mkubwa wa nchi moja hali chungu cha nchi nyingine, asije akadhaniwa kwake kuna njaa. Kila mkubwa alikuja na mafiga yake, kuni zake, na mpishi wake. Lakini moto wa kwanza huwashwa kwenye mafiga ya mwenyekiti. Wengine wote huchukua kaa la moto hapo. Na mwenyekiti alikuwa Nyati.

"Waheshimiwa," akasema Nyati, "moto ni mbaya."

Makofi. Pa! pa! pa!

"Mbaya mno," akasema Nyani.

Makofi tena.

"Nani anaanza kuzima?" akauliza Bi Kambare kutoka majini.

Kila mmoja akamtazama jirani yake.

"Mzee Nyati," akasema Nyani, "nyinyi mmechoma tangu babu. Shingo yote hiyo ni moshi. Anza wewe."

"Nianze mimi, na mizinga yako inaongezeka kila siku?"

"Ndiyo kwanza nimeonja asali! Umeshashiba, sasa unatufundisha kufunga?"

"Mimi naunga mkono," akasema Fisi.

"Unamuunga nani?"

"Wote. Pilau linaiva saa ngapi?"

Wakakubaliana kukutana tena. Wakapika. Mafiga thelathini yakawaka, fuu! Moshi wa mkutano ule ulizidi moshi wa mwezi mzima. Bi Kambare akaenda kwenye jiwe. Maji kiunoni.

Mkutano wa pili. Moto ni mbaya, pa! pa! pa! Anza wewe, anza wewe. Safari hii kila mjumbe alikuja na shemeji yake, kwa hiyo mafiga yakawa sitini. Bi Kambare akaenda kwenye jiwe. Maji vifundoni.

"Mama, mgongo unaniungua," akasema mwanawe mmoja.

Akawahesabu. Mia mbili hawakufika. Akahesabu tena, haraka haraka. Mia na kumi.

Mkutano wa tatu, Bi Kambare hakungoja kusikia kama moto ni mbaya. Akatoka ziwani. Pwata, pwata, pwata, tumbo mchangani, mpaka jikoni. Akajilaza katikati ya mafiga ya mwenyekiti.

Mpishi wa Nyati akashika kiuno. "Mama, hapo ni jikoni."

"Najua. Washa."

"Limau ninalo," akasema Fisi taratibu.

"Nyamaza wewe!" Nyati akafoka. "Mjumbe haliwi mkutanoni! Bi Kambare, tafadhali, toka. Wageni wana njaa."

"Wanangu wana kiu. Zimeni, nitatoka."

Wakabembeleza. Hatoki. Wakatisha. Hatoki. Jua likapanda, ngozi yake ikaanza kukakamaa, masharubu yakalegea. Nyani akaingiwa na huruma, akachukua kibuyu akakimbia ziwani amchotee maji. Akakawia. Akarudi polepole, akapindua kibuyu. Tope. Pwaa!

"Nimetembea mpaka kwenye jiwe," akasema. "Kwa miguu. Sikulowa." Akamtazama Nyati. "Mzee, wewe kwako unakunywa wapi?"

Nyati akalitazama lile tope. Naye alikunywa palepale.

Basi njaa ikafupisha hotuba. Nyati aliyeanza zamani azime theluthi mbili leo hii. Nyani azime nusu mwaka huu na nusu ujao, na Nyati ampelekee matunda ya uwandani wakati anajizoesha. Fisi azime yote, maana sababu hana.

"Na nani atahakikisha?" Bi Kambare akauliza, sauti imebaki uzi.

Nyani ahamie kwa Nyati, akague. Nyati ahamie kwa Nyani, akague. Fisi akaguliwe na kila mwenye macho. Wakafunga mkutano kwa matango mabichi. Fisi alilia. Nyani akambeba Bi Kambare, akamrudisha kwenye tope lake.

Nyati akapanda mlima, hee! hee! anahema kama mvukuto. Miezi ikapita. Moshi ukapungua kidogo, kidogo tena. Siku moja wingu likaja, likakohoa mara moja, likakaa. Ndo! Ndo! Ndondondo!

Sitawadanganya, maji hayakurudi shingoni. Yaliishia magotini. Na watoto waliobaki ni tisini na sita. Bi Kambare mpaka leo hajatulia, kila alfajiri yuko kwenye jiwe.

Funzo ni hili: mbingu tuliyo nayo ni moja, na moshi wa kila mmoja ni wa wote. Anayengoja mwenzake azime kwanza anamuua mtoto ambaye hajawasha hata njiti. Tuzime pamoja, na tukaguane.

Hadithi yangu imekomea hapo, asiyeridhika ajaze mwenyewe ile nusu niliyosinzia.

Nani anakohoa huko nyuma? Moshi? Moshi gani? Aa... hayo ni maharage yangu, yanaungua tangu Paukwa. Nilijua. Nilikuwa nangoja jirani azime jiko lake kwanza.