Sakafu ya Birika la Faridhi

Zama hizo za kale, na ayajuaye yote ni Mola, mji wa Faridhi ulitawaliwa na Sultani Nuumani bin Harithi, mfalme mkarimu, mpenda watu na mpenda biriani, ambaye kosa lake lilikuwa moja tu: kila neno la Waziri wake Jabali alilimeza bila kulitafuna. Na mji ule haukuwa na mto, na visima vyake vyote vilikuwa vya chumvi, na watu waliishi kwa birika moja kubwa lililokinga mvua na kuwanywesha mwaka mzima.

Fundi wa birika alikuwa mzee Shekue, naye ndiye aliyevaa pete ya Sultani, pete ambayo ukiisugua hutokea jini aitwaye Kashkashi, mwenye nguvu za ng'ombe mia na kazi ya kutii tu. Mwaka ambao sakafu ya birika ilipata ufa, ndio mwaka aliofariki mzee Shekue. Waashi wote wakamtazama binti yake, Mwanaheri, aliyefanya kazi na baba yake miaka kumi na mitano hata viganja vikawa vigumu kama gome. Naye aliitaka kazi ile, aliitaka hasa, maana wosia wa baba yake ulikuwa, "Mwanangu, usiuache mji na kiu."

Waziri Jabali akainama mbele ya kiti cha enzi. "Ewe Maulana, pete tukufu haikai kidoleni mwa mpiga chokaa. Ninaye mpwa wangu Ghalibu, damu ya mawaziri saba."

"Amewahi kujenga nini?"

"Hajajenga, Maulana. Lakini amezaliwa pazuri."

Sultani akameza. Lo! Kama kuzaliwa pazuri kungezuia maji yasivuje, nani angejisumbua kuchoma chokaa?

Basi Ghalibu, kijana mpole aliyeionea haya hata pete yenyewe, akapelekwa birikani. Mwanaheri akamwambia kwa adabu, "Bwana Ghalibu, chokaa ilowekwe siku arubaini. Kisha sakafu ipigwe kwa vibao siku tatu, na watu wakiimba."

"Kuimba?" akadakia Waziri. "Kazi ya Sultani si ngoma ya harusi! Jini tunaye, amalize leo."

Ghalibu akasugua pete, na Kashkashi akatokea, kichwa juu ya minara. "Labeka, bwana wangu! Amuru!"

"Jenga sakafu leo hii, na pasiwe na wimbo."

Jini akajikuna pembe. "Nipige wapi, bwana wangu, na kwa mwendo gani?"

Ghalibu akamtazama mjomba wake, na mjomba akatazama mbingu. "Piga tu," akasema Ghalibu.

Akapiga. Kabla ya adhuhuri sakafu ilikuwa inang'aa, na Sultani akashangilia, na Waziri akavikwa joho jipya. Zikaja mvua za vuli, birika likajaa, na siku ya nne halikuwa na tone. Sakafu ilibanduka vipande vipande kama chapati iliyoungua. Watoto wakalia kiu, watu wakajikimu kwa maji ya visima vya chumvi, na masika yalikuwa mbali, zimebaki siku hamsini.

Sultani akamwita jini, akamfokea. Kashkashi akapiga magoti. "Maulana, mimi ni mkono. Mzee Shekue aliniambia nipige wapi, na wimbo uliniambia nipige lini. Nipe bwana anayeijua kazi, ama unirudishe ndani ya pete, kwani nimechoka kuaibika."

"Apewe Mwanaheri," akasema Sultani, na safari hii alitafuna kwanza.

Waziri akakasirika. "Akishindwa, afukuzwe mjini, yeye na mama yake!"

Mwanaheri akamwaza mama yake aliyekuwa kipofu, na njia za Faridhi ndizo pekee alizozijua kwa miguu. Hata hivyo akasema, "Nimekubali."

Chokaa ikalowekwa siku arubaini. Siku ya kupiga, waashi wakajipanga na vibao vyao, na jini katikati yao. Loo, balaa! Mwimbishaji wa siku zote alikuwa marehemu mzee Shekue mwenyewe, na kila aliyejaribu kushika nafasi yake alikwenda kombo, huku ta, kule tata-ta, na sakafu ikaanza kufanya mabonde. Mwanaheri akasimamisha kazi, machozi yakimlenga. Ndipo akasikia mtu anaimba chinichini nyuma ya rundo la kokoto, sauti imenyooka, haitetereki.

Alikuwa Ghalibu, ambaye kwa aibu yake alikuwa akija kila siku kubeba kokoto.

"Mtoe huyo!" waashi wakapiga kelele. "Ndiye aliyetutia kiu!"

"Nyamazeni," akasema Mwanaheri. "Chokaa hakuijua, kweli. Lakini hebu msikilizeni! Bwana Ghalibu, imba."

"Mjomba alinikataza tangu utotoni. Husema damu ya mawaziri haiimbi."

"Hapa hatupigi damu, tunapiga sakafu. Imba!"

Akaimba, na vibao mia vikashuka kwa pamoja, na kibao cha jini nacho, siku tatu mfululizo, hata wapita njia wakavua viatu wakaingia kupiga. Masika yakaja, birika likajaa. Siku ya nne watu wakachungulia, na siku ya kumi, na maji hayakupungua hata kikombe. Mwanaheri akamtekea mama yake maji ya kwanza, na mama akanywa akacheka.

Sultani akatangaza kwamba tangu siku ile hakuna atakayepewa kazi Faridhi kabla ya kuonyesha anachokiweza. Akaanza na Jabali: "Waziri, wewe waweza nini?" Jabali akawaza mpaka alasiri, na kwa kuwa alichoweza ni kusema, akafanywa mpiga mbiu, na wallahi mji haukuwahi kupata mpiga mbiu hodari kama yeye.

Na Ghalibu alipotaka kumwoa Mwanaheri, Jabali ndiye aliyekwenda kumposea. Akasimama mlangoni kwa Mwanaheri, akasafisha koo. "Nimekuja kwa ajili ya mpwa wangu, damu ya mawaziri saba..."

"Mzee Jabali," akamkatiza Mwanaheri akitabasamu, "hiyo sifa ni ya waliokufa. Yeye mwenyewe je?"

Mzee akatazama chini. Kisha akasema, taratibu, "Anaimba, mwanangu. Anaimba vizuri sana."

"Basi nimeridhia," akasema Mwanaheri.