Taa Iliyoangaza Hadi Msikitini

"Usiisifu taa, jani halijasema." Mmemsikia mama yenu akimwambia Fatna hivyo, huyu alipokuwa akimsifia mchumba wake wa wiki mbili mpaka chai ikapoa. Sasa nyote mmenikodolea macho mimi shangazi yenu, kama vile methali hiyo niliitunga mimi. Sikuitunga. Ila niliiona ikizaliwa, hapa hapa Shume, ng'ambo ya bonde hili. Kaeni vizuri, wala msinikatize.

Mwanaidi Shekalaghe alirudi kwao baada ya kuachika, akapewa kipande cha shamba la ukoo kule bondeni. Msimu wa kwanza baridi iliua miche yake yote kitaluni. Msimu wa pili vilevile. Wazee wakamwita, wakamwambia bila kuzunguka: shamba likilala tena vuli hii, atapewa mwingine. Naye hakuwa na pengine pa kulima.

Mnajua huku kwetu Julai na Agosti kulivyo. Ukungu unaingia mpaka jikoni, jua unalisikia redioni. Mwanaidi akaamua kuotesha pilipili hoho zake ndani ya stoo, chini ya taa ya kukuzia mimea. Kaka yake Singano, dereva wa fuso, akamletea taa hiyo kutoka Tanga. Boksi lake liliandikwa wati elfu moja, kwa maandishi makubwa. Ilipowashwa tulifunika nyuso kwa khanga kwa jinsi ilivyokuwa nyeupe! Singano akaipandisha juu kwenye boriti, ili hata wanaokwenda msikitini ng'ambo waione dirishani. Tukaiona, tukaisifu mpaka mate yakatukauka.

Kilichotufurahisha zaidi ni umeme. Taa iliwaka kutwa, lakini uniti za LUKU zilipungua kidogo mno.

"Hii taa ina baraka," Singano alisema kila alipopita. "Inawaka bila kula."

Mwanaidi peke yake ndiye hakutulia. Miche ilipoota ikarefuka upesi, majirani wakapiga vigelegele, na yeye akazidi kuingiwa na wasiwasi. Aliingia stoo, akatoka, akaingia tena na mwiko wa ugali mkononi. Miche ilikuwa mirefu, myembamba kama uzi, yote imenyoosha shingo kuitafuta taa. Asubuhi moja akakuta nusu yake imelala chini. Vuli ilikuwa inakaribia, na mbegu zilizobaki zilijaa kiganja tu.

Siku hiyo hiyo alikuwa akipiga pasi, akakiona kitaa chekundu cha mita kikipepesa mbio, kama kifanyavyo umeme ukiliwa sana. Akaichomoa pasi, ikabaki taa ya miche peke yake. Kitaa kikapepesa polepole, kama jicho la mtu anayesinzia. Akamwita kaka yake.

"Hebu soma hapa kwenye pasi, kaka."

"Wati elfu moja."

"Na boksi la taa?"

"Elfu moja. Si nilikwambia ni taa kubwa?"

"Basi itazame mita." Akachomeka pasi, akachomoa, akachomeka tena. "Zote elfu moja, mbona moja inakula na nyingine inaonja?"

Singano akakuna kidevu. "Za siku hizi ndivyo zilivyo, dada. Zinakula kidogo, zinatoa kingi."

"Zikila kidogo sawa. Lakini ng'ombe anayeonja tu, utamkamua nini? Boksi limetudanganya. Na hicho kidogo chenyewe tumekipandisha juu kiwaangazie wapita njia!"

"Lakini mwanga wote ule, Mwanaidi! Mpaka macho yanauma."

"Yanauma macho yako. Kwani mimi nimeotesha macho?"

Akaishusha taa mpaka karibu na udongo, akaizungushia mifuko myeupe ya salfeti, ile ya mbolea, ili mwanga usitoroke. Chini yake palitosha trei moja tu. Akasia kile kiganja cha mwisho cha mbegu. Dirisha likawa giza, nasi huku ng'ambo tukasema taa ya Mwanaidi imekufa. Wengine walicheka. Yeye alikonda, kila saa yuko mlangoni mwa stoo, anaogopa kufunua na anaogopa kutofunua.

Wazee walikuja mawingu ya vuli yameshajikusanya. Nami nilikuwa nyuma yao kwa umbea wangu.

"Tumesikia taa imezimika," alisema mzee Shemzigwa, mkubwa wao.

Singano akaruka. "Haijazimika, mzee! Taa hii, wallahi, Tanga nzima hakuna..."

"Kaka," Mwanaidi akamkata, "usiisifu taa, jani halijasema."

Akafunua mifuko. Miche ilikuwa mifupi, mashina manene, majani ya kijani kilichokolea. Mzee akabana shina moja kwa vidole viwili, halikuinama.

"Haitoshi shamba zima," akasema.

"Haitoshi, baba."

Mzee akaliachia lile shina. "Shamba lenye mstari mmoja wa miche halijalala," akasema. "Inashuka bondeni lini?"

"Mvua ikigusa tu."

Wazee walipotoka, Mwanaidi aliketi pale pale sakafuni akalia, na Singano akaketi kando yake, hana la kusifu.

Basi, Fatna mwanangu, mchumba wako anang'aa. Tumemwona, hata mimi nilitaka kufunika uso kwa khanga. Lakini usiisifu taa, jani halijasema.