Umeme Uliporudi

Wapendwa, kaeni vizuri. Na wewe mama wa kule nyuma mwenye mtoto, usitoke. Akilia na alie, sauti yangu ni kubwa kuliko yake. Leo nina habari ya bwana mmoja, mwalimu mstaafu, na mke wake, na kompyuta iliyokuwa juu ya meza sebuleni kwao, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama tunavyozifunika zetu, utadhani zinaona baridi.

Yule mama alianza kusahau. Alianza na funguo, akaja kwenye chumvi, akawa anaitia mara mbili. Halafu Jumapili moja akasimama nje ya kanisa, watu wote wameondoka, hajui njia ya kwake ni ipi. Daktari aliwaambia ukweli bila kuuzungusha: maradhi haya yanakwenda mbele tu. Basi mama, akili zake zikiwa bado zipo, akafanya jambo ambalo mimi na wewe tusingelifikiria. Alimwita binti yake, Tumsifu, akakaa mbele ya ile kompyuta, akajirekodi akizungumza na nafsi yake. Alisema, "Usiogope. Hii ni nyumba yako. Huyu mzee mwenye mvi ni mume wako, si mwizi. Hukulazimishwa, ulimtaka mwenyewe. Kaa chini, ule, ulale."

Kwa maana ugonjwa wake ulikuwa unakuja na jioni. Mchana alichambua mboga, alicheka, aligombana na kuku. Jua likishuka, anamgeukia mumewe na macho ya mtu aliyevamiwa: "Wewe ni nani? Umeingiaje humu ndani?" Anatetemeka, anautafuta mlango. Hapo ndipo mzee alipoiwasha kompyuta, na mama akiisikia sauti yake mwenyewe, mabega yanashuka, anakaa. Maneno ya mtu mwingine aliyabishia. Ya kwake aliyaamini.

Mmeona kilichokuwemo ndani ya kile chombo? Si picha za harusi, wala sinema. Ndicho kilichomfanya mama yule akubali kulala chini ya dari moja na mume wake. Kikipotea, mzee anakuwa mwizi ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, kila jioni, mpaka mmoja wao atakapozikwa.

Na mtaa ule, jamani, umeme ulikuwa unakatika bila kubisha hodi. Mvua ikinyesha unakatika, isiponyesha unakatika pia. Siku moja ulikatika sauti ya mama ikiwa katikati ya sentensi. Uliporudi, mzee akawasha, kompyuta ikaleta kioo cheusi chenye maandishi meupe, inajikagua, inajikagua, haimalizi. Mzee alisimama pale jasho linamtiririka kwapani, mkewe nyuma yake anauliza huyu mtu anaiba nini. Aliogopa. Sipambi maneno. Mwishowe kioo kikafunguka na sauti ikapatikana, lakini tangu siku ile hakuwa na raha. Kila wingu lilipojikusanya mlimani, aliliangalia kama anayedaiwa.

Tumsifu alipokuja kuwasalimu, baba yake akamweleza. Binti akashtuka.

"Baba, umeme ukikatika, chomoa waya ukutani hapo hapo. Kukatika kuna ubaya wake, faili linaweza kuharibika. Lakini kurudi ndiko kunakoua. Unarudi na nguvu nyingi kwa mpigo mmoja."

"Nikichomoa, nitajuaje kama umerudi?"

"Si utaona taa kwa majirani?"

"Mama yako ameshika mchi, mimi nachungulia taa za majirani?"

Tumsifu akacheka, macho yakiwa yamejaa machozi. "Basi niruhusu niitolee nakala, baba. Moja niiweke kwenye flashi hapa, nyingine niondoke nayo."

"Hapana, mwanangu. Sauti ya mama yako haitatembea mjini mfukoni mwa mtu. Na mkianza kuigusagusa mtaifuta. Iache ilipo."

Mnacheka? Nani humu ndani, umeme ukikatika, hazunguki nyumba nzima akiacha taa zote zimewashwa ili aone utakaporudi? Na friji, je? Friji tumelinunulia kile kiboksi cha kulilinda, kwa sababu mna nyama. Hata kwa mzee yule kiboksi kilikuwapo, jikoni, kinailinda nyama. Sauti ya mkewe ilichomekwa ukutani hivi hivi.

Basi, Tumsifu ameshaondoka, ikafika jioni moja. Mvua kubwa, upepo, bati linapiga kelele. Mama ameshaanza kumtazama mumewe kwa ule mtazamo. Mzee anaunyoosha mkono kuwasha kompyuta, na umeme ukakatika. Sebule yote nyeusi. Hakuchomoa chochote. Angechomoaje? Alisikia kiti kikiburutwa sakafuni, alisikia pumzi za mkewe zikienda mbio, na akajua kwamba hatua chache kutoka pale kuna mtu anayemwogopa kufa, na mtu huyo ndiye aliyemzalia watoto.

"Nani yuko humu?" mama akauliza. "Nitapiga kelele!"

Mzee hakuwa na kompyuta. Hakuwa na mshumaa karibu. Hakuwa na chochote isipokuwa mikono yake na sauti yake. Akapapasa, akaupata mkono wa mkewe, nao ukaruka kama samaki. Hakuukamata kwa nguvu. Aliacha wake pale pale, kiganja juu, akaanza kuzungumza polepole. Hakusema mimi ni mumeo. Alimwambia habari ya kahawa waliyochuma wakiwa vijana, mbwa aliyekula viatu vya mchungaji, mtoto wao wa kwanza alivyozaliwa wakati wa mafuriko. Baada ya muda akahisi vidole vinarudi, kimoja kimoja, vikatulia ndani ya kiganja chake.

"Endelea," mama akasema. "Yule mbwa alifanywaje?"

Wapendwa, walikaa hivyo. Mvua ikanyesha, giza likawa giza, na mama yule, saa ambayo kila siku alikuwa akitafuta mlango, aliegemea bega la mumewe akawa anamcheka mbwa. Mzee mwenyewe hakuelewa kilichokuwa kinatokea. Yeye alikuwa anaomba moyoni kitu kimoja: Bwana, rudisha umeme.

Ukarudi. Watoto wa mtaa mzima wakapiga yowe, "Umeruuudi!" Na mzee akauachia ule mkono.

Akaruka kuiendea kompyuta ili aiwahi sauti, kabla jioni haijaharibika. Taa ikafifia, ikazima, ikawaka tena nyeupe kupita kiasi, nyeupe ya kuumiza macho. Ndani ya kompyuta kitu kikalia pa! Moshi mwembamba ukatoka kwa nyuma, na harufu ya plastiki inayoungua. Akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Akachomoa waya sasa, wakati hausaidii kitu, akapuliza, akapangusa kwa kile kitambaa cha kufuma, akaitingisha kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Alikuwa analia kwa sauti na hajui. "Zungumza," akawa anaiambia. "Zungumza, Mama Tumsifu, zungumza."

Alipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Mlango wa mbele uko wazi na mvua inaingia hadi kwenye mkeka.

Mnajua korongo linalopita nyuma ya nyumba za watu kwenye mtaa wa mteremko? Mnajua maji yake wakati wa masika? Mzee alikimbia na tochi mkononi, bila viatu, akiita. Majirani wakatoka na tochi zao. Hofu aliyokuwa ameibeba miezi yote, hofu ya kompyuta, ilikuwa mchezo wa watoto mbele ya hii. Walimwona mama ukingoni, ameshikilia mgomba, maji yanamvuta gauni, meno yanagongana. Mzee akateremka, akammulika.

"Mama Tumsifu! Ni mimi, mume wako! Nipe mkono!"

Mama akarudi nyuma, kuelekea maji. "Niondokee! Simtaki mtu huyu! Nataka yule tuliyekuwa naye gizani. Yuko wapi yule? Alinishika mkono, umeme ukarudi, akaniacha."

Mzee akazima tochi. Akawapungia majirani nao wazime. Akasogea ndani ya yale maji hali haoni anakokanyaga, akaunyoosha mkono, kiganja juu, akangoja. Na vidole vikaja.

"Ulikwenda wapi?" mama akamuuliza.

Kompyuta ilifunguliwa na fundi kesho yake. Aliinusa, akatikisa kichwa, akaifunga. Ile sauti haikupatikana tena.

Sasa naona wengine wenu mmeshaanza kuzikagua soketi za nyumbani kwenu kichwani. Zikagueni, ni vizuri, na nakala mtoe. Lakini mimi sikuja hapa kuwahubiria soketi. Nauliza kuhusu sisi: ni lini tulimwachia mtu mkono? Ni wakati wa shida? Hapana, wakati wa shida tulishikana. Ulipokosa kazi, wewe na mke wako mlipiga magoti pamoja kando ya kitanda. Leo una kazi, na magoti hayo hayajagusa sakafu. Ulipokuwa umelazwa hospitali ulimwita Mungu kwa majina yake yote, manesi wakakuzoea. Ukapona. Ukaruhusiwa. Ukapiga yowe na watoto wa mtaa, ukaruka, ukakimbilia vitu vyako.

Sisi tunaogopa giza, tunafunga na kukesha ili liondoke. Mimi tangu nisikie habari hii naogopa ile saa ambayo maombi yangu yatajibiwa. Maana siku hiyo nitakuwa nimeshika mkono wa mtu, na sijui kama nitakumbuka kuushikilia.

Kuna mtu hivi sasa, ndugu yangu, amesimama ukingoni kwa sababu mambo yako yalinyooka. Tukitoka hapa usipitie dukani. Nenda kwake. Na akikuuliza ulikwenda wapi, usijitetee, ingia majini.