Ombi la Chupa Kumi na Mbili

Hapo zamani, kompyuta zilipokuwa bado zinafungiwa chumbani kama mwali, hospitali mbili ziliunganishwa kwa waya ili zipelekeane maombi ya damu kwa maandishi: kundi la damu, wodi, idadi ya chupa, kisha nukta ya kufungia.

Watu watatu walipewa kazi. Bwana Deusdedit Rwegoshora aliandika kanuni za ujumbe. Bwana Hemedi Kiluvia aliandika programu ya kuukata ujumbe vipande. Bibi Akwilina Temu aliandika programu ya kuvisoma vipande hivyo na kuvipa maana. Ajira ya kudumu ilikuwa moja tu, basi kila mmoja akafunika karatasi zake mwenzake alipopita.

Siku ya majaribio, Akwilina aliona ombi la chupa thelathini limesomeka tatu. Akamtazama Hemedi, Hemedi akatazama dirishani. “Ananitega huyu,” Akwilina akawaza, akalifuta ombi, asimwambie mtu.

Wiki iliyofuata wodi ya wazazi iliomba chupa kumi na mbili. Tarakimu ya moja ikatangulia, ya mbili ikachelewa njiani. Ikaletwa chupa moja. Mzazi aliponea chupuchupu, kwa damu ya ndugu zake waliokuwa wakingoja nje.

Mganga Mkuu, Daktari Ezekia Mwambungu, akawaita. “Mmoja wenu anaondoka leo. Semeni.”

Hemedi akasema, “Mimi mkataji. Nimeletewa moja, nimekata moja. Ya kungoja nukta sikuambiwa.”

Akwilina akasema, “Nami nimepewa moja, nimesoma moja. Mimi si mpiga ramli, kaka Hemedi.”

“Na nukta ya kufungia uliiona?” Daktari akamuuliza.

“Sikuiona. Kanuni inasema ikikosekana, ombi lipokelewe.”

Deusdedit akasema, “Niliandika hivyo kwa kuwahurumia wauguzi, huisahau wakiwa na haraka. Lakini dada, thelathini ilipokuwa tatu, nilikuona ukifuta.”

Akwilina akamgeukia. “Uliniona, ukanyamaza?”

“Nilidhani mmepanga nyinyi wawili kuniharibia.”

Hemedi akacheka kidogo. “Mimi kasoro hiyo niliiona kabla yenu. Nikasema, aliyeitega aitegue mwenyewe.”

Daktari hakucheka. Akavuta karatasi ya barua, akaandika tarehe, akaandika “Ndugu”, kalamu ikasimama hapo.

Nyinyi mnaosikiliza mmewasikia wote watatu. Je, nani alistahili kuandikiwa barua ile?