Sufuria ya Gavana

Bei zilipanda katika nchi ya Mbalamwezi hadi kitunguu kikauzwa nusu nusu. Gavana Kisoka wa Benki Kuu akatangaza kwamba bei zimeshuka, kisha akatuma ujumbe kwa Bi Somoe, mama ntilie wa sokoni: "Kesho nakuja na waandishi wa habari. Utaniuzia pilau kwa bei ya mwaka juzi. Ukikataa, mgambo watabomoa kibanda chako."

Bi Somoe hakuwa na desturi ya kubishana na mtu mwenye mgambo. "Karibu sana, mheshimiwa," akajibu.

Kesho yake Gavana akakuta sufuria kubwa jikoni, kifuniko kikitetemeka kwa mvuke.

"Bado kidogo, mheshimiwa. Wape watu maneno mawili matatu tukisubiri."

Gavana hakungoja kuombwa tena. "Ndugu wananchi, uchumi wetu ni kama sufuria hii! Mpishi hodari hafunuifunui. Moto tumeuchochea, nyama imelainika, na harufu ya pilau naisikia mimi mwenyewe!"

Watu wakapiga makofi huku wakimeza mate.

"Basi wapakulie, mheshimiwa," Bi Somoe akasema, akimkabidhi upawa.

Gavana akafunua. Ndani mlikuwa na maji matupu, yanatokota.

"Mchele uko wapi, wewe mama?" akafoka.

"Mchele wa bei yako nimeutafuta soko zima, sikuupata," Bi Somoe akasema kwa upole, kamera zote zikimtazama. "Lakini uliposema pilau inanukia, nikajua umekuja nao."