Pedi ya Bahati ya Mzee Kiboko

— Jamani, mpo?
— Tupo, na masikio tunayo!
— Kuna kitu nimekibeba njia nzima, kinanitekenya.
— Kitue tukione!
— Nusu yake kweli, nusu nimeiokota.
— Tupe yote, tutachambua wenyewe!

Basi sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana sola zilikuwa zimeshafika bondeni, walikuwepo marafiki watatu. Wa kwanza Pimbi, mnene kama kiazi, mkia hana ila maneno anayo. Wa pili Kanga, mwepesi wa kucheka, na mwepesi zaidi wa kulia. Wa tatu Nungunungu, ambaye kila akishtuka miiba yake inalia chakacha! chakacha! Na anashtuka mara nyingi.

Hawa watatu walitamani kitu kimoja: gemu. Gemu lenyewe liliitwa Mbio za Mikokoteni. Unasukuma mkokoteni wa mahindi kuteremka mlima, unakwepa mashimo, unakwepa mbuzi, na wa kwanza kufika sokoni ndiye bingwa. Utamu wake ni huu: mikokoteni iko minne, na wachezaji wanne wanakaa mbele ya runinga moja, wanacheka, wanatukanana kidogo, wanapigana viwiko.

Hakuna aliyeweza kulipata peke yake. Basi wakapalilia pamoja shamba la karanga la Kakakuona mwenye duka. Wakapalilia, wakapalilia, wakapalilia, mpaka magugu yenyewe yakaomba radhi. Mwisho Kakakuona akawapa ujira wao, gemu moja kwenye kiboksi kimoja.

"Moja tu?" akauliza Nungunungu. Chakacha!

"Linawatosha wote," akasema Kakakuona, "mradi mkae mkeka mmoja."

Haya, gemu wanalo, runinga hawana. Mwenye runinga bonde zima alikuwa mmoja tu, Mzee Kiboko. Mjomba wake alipohamia ziwa la mbali alimwachia runinga, mashine ya kuchezea, na pedi nne za kushika mkononi na kubonyeza vitufe. Kiboko alikaa na vitu hivyo nyumbani kwake kando ya mto. Gemu hakuwa nalo. Mgeni hakuwa naye.

Wakaenda. Wakapiga hodi.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Mmebeba nini?"

"Gemu, Mzee," akasema Pimbi. "Gemu letu, runinga yako, pedi zako nne, na sisi na wewe tuko wanne. Tucheze sote."

"Haya, karibuni," akasema Kiboko. "Ila kwanza nijaribu."

Akachukua pedi moja. Zile tatu akazikalia.

— Akazikalia?
— Akazikalia! Mnayajua makalio ya Kiboko nyie?

Siku ya kwanza Kiboko akacheza, wao wakatazama. Mikokoteni ikateremka, ngr-ngr-ngr-ngr! Na mkokoteni usio na mchezaji, mashine huusukuma yenyewe, tena kwa ustadi. Mitatu ya mashine ikapita vuu, vuu, vuu. Wa Kiboko, ule mwekundu, ukaenda upande, ukamgonga mbuzi, ukaingia shimoni, pwaa! Maana kidole gumba cha Kiboko ni kikubwa, kikibonyeza kitufe kimoja kinabonyeza vyote. Mashine ikapaza sauti: "WA NNE!"

"Mashine hii ina fitina!" akafoka Kiboko. Akaanza upya. Jua likashuka, Kiboko akaenda kula majani, wageni wakaenda zao.

Siku ya pili wakaja. Wakaamkia, wakakaa, wakatazama. "WA NNE!" Jua likashuka, wakaenda zao.

Siku ya tatu wakaja. Wakaamkia, wakakaa, wakatazama. Nungunungu akajikaza akasema, "Mzee, na sisi je?"

"Runinga ya nani?" akauliza Kiboko bila kugeuka.

"Yako, Mzee."

"Pedi za nani?"

"Zako, Mzee."

"Basi zamu ya nani?"

Chakacha! "WA NNE!" Jua likashuka, wakaenda zao.

Njiani Kanga akaanza kulia. Wenzake walizoea, kwa hiyo walingoja amalize. Hakumaliza.

"Bibi ametangaza jana," akasema. "Kundi letu linahamia milimani mvua zikianza. Siku kumi tu zimebaki. Hatutarudi mpaka kiangazi kingine."

Pimbi akawaza. Palizi ile yote hawakuifanya kwa ajili ya kiboksi. Waliifanya wapate kucheka pamoja, na sasa Kanga anaondoka, na walichokiona mpaka leo ni mgongo wa Kiboko.

"Usilie," akamwambia. "Kesho utasukuma mkokoteni."

"Utamnyang'anya pedi Kiboko? Wewe?"

"Mimi simnyang'anyi mtu. Atanipa mwenyewe."

Siku ya nne wakaja. Wakaamkia, wakakaa. Mashine ikasema "WA NNE!" Kiboko akavuta pumzi ya hasira, na hapo Pimbi akakohoa.

"Mzee, samahani. Hiyo mikokoteni mitatu inayokushinda, anayeisukuma ni nani?"

"Si ni mashine!"

"Mashine inakuogopa?"

Kiboko akafikiri. "Hainiogopi."

"Inachoka?"

"Haichoki."

"Basi ndiyo maana! Ungekuwa unashindana na Kanga, je? Macho yamemjaa machozi, barabara ataionaje? Au Nungunungu, anayeshtushwa na kivuli chake? Au mimi, vidole kama maharage? Ungetushinda sisi huku unasinzia."

Kiboko akafikiri tena. Kufikiri kwake kulikuwa na sauti, mmm, mmm, mmm. Kisha akanyanyua kalio la kushoto, akanyanyua kalio la kulia. Fyop! Pedi ya kwanza ikatoka. Fyop! Ya pili. Ya tatu ilikuwa imezama, ikabidi Nungunungu avute kwa meno. Fyooop!

"Shikeni upesi," akasema Kiboko. "Nataka kuwashinda."

Kanga akashika ya kijani, Nungunungu ya njano. Pimbi akaipokea ile iliyozama, ya buluu. Akaitazama. Pedi za wenzake zilikuwa na taa ndogo inayowaka pembeni. Yake haikuwaka. Akabonyeza kitufe, kikazama kisirudi. Akaitikisa, ikalia ndani kama njugu kavu. Pedi ilikuwa imekufa. Siku nne chini ya Kiboko, ingeponaje?

Pimbi akafungua mdomo aseme, akaufunga. Akisema, Kiboko atajua pedi nzima ni tatu, na mmoja wao atakaa kutazama. Atakayetazama ni nani? Kanga? Akaushika ule mzoga wa pedi, akajifanya anacheza.

Ngr-ngr-ngr-ngr! Kanga akapiga kelele. Nungunungu akapiga kelele. Na mkokoteni wa buluu, kwa kuwa haukuwa na mchezaji, ukasukumwa na mashine. Vuu! Ukakwepa shimo. Vuu! Ukakwepa mbuzi. Vuu! Ukafika sokoni. "WA KWANZA!" Wa Kanga ukafuata, wa Nungunungu nao. Mwekundu ukaja ukiburuta gurudumu. "WA NNE!"

Kiboko akageuka polepole.

"Wewe Pimbi. Wewe kiazi. Umenishinda?"

Hapo ndipo Pimbi alipopata shauri lake lote kwa mara moja. Akaikumbatia pedi kifuani.

"Si mimi, Mzee, ni pedi hii! Ina bahati, sijui imetoka wapi! Naomba usinichukulie! Chukua chochote, Mzee wangu, hii niachie! Mama yangu mie!"

"Lete hapa!"

"Mzee, nakuomba!"

"Lete!"

Kiboko akainyakua. Akamtupia Pimbi ile yake nyekundu, nzima, yenye taa inayowaka. Pimbi akajifuta machozi ambayo hayakuwepo.

Ngr-ngr-ngr-ngr! Kiboko akabonyeza kwa gumba, akabonyeza kwa ngumi, akabonyeza kwa kidevu. Mkokoteni wa buluu ukakwepa shimo, ukakwepa mbuzi, ukafika sokoni.

"WA KWANZA!"

Jamani, mmewahi kumwona Kiboko akifurahi? Nyumba ilicheza. Vyombo vilicheza. Akaimba:

Nani wa kwanza?
Ni mimi mwenyewe!
Nani wa pili?
Simjui, simtaki!

Tangu siku hiyo wakacheza wote wanne, kila siku, kuanzia asubuhi hadi jua linaposhuka. Kanga na Nungunungu waliijua siri, maana Pimbi aliwanong'oneza njiani, na Nungunungu kila akiikumbuka miiba ililia chakacha kwa kicheko. Kiboko akashinda, akashinda, akashinda. Na kadiri alivyoshinda ndivyo alivyolainika. Siku ya sita akawaandalia matikiti. Siku ya nane akatandika mkeka mpana, wakakaa pamoja, bega kwa bega, ingawa bega la Kiboko lilichukua nusu ya mkeka. Siku ya kumi akaanza kumfundisha Kanga. "Kona hii usikimbie, mwanangu. Tulia kama mimi." Kanga akatulia kama yeye. Akafika wa pili.

Pimbi akamtazama mzee yule anavyocheka, akaona haya kidogo. Kidogo tu.

Siku ya mwisho ikafika. Mawingu yalikuwa mazito, na kutoka ng'ambo ya mto kundi la Kanga lilishaanza kuitana, kekeke-ke! Kekeke-ke!

"Mbio moja tu," akasema Kanga, "kisha niende."

Kiboko akamwinamia Pimbi, akamnong'oneza, na mnong'ono wa Kiboko unasikika hadi kijiji cha pili. "Huyu mtoto anaondoka na hajawahi kushinda hata mara moja. Leo nitamwachia."

Nungunungu akaanza kuutafuta mlango kwa macho.

Ngr-ngr-ngr-ngr! Mikokoteni ikateremka. Katikati ya mlima Kiboko akaiweka pedi chini, akakunja mikono, akatabasamu. Na mkokoteni wa buluu ukaendelea. Vuu! Ukakwepa shimo. Vuu! Ukakwepa mbuzi. "WA KWANZA!"

Chakachakachakacha! Nungunungu mzima akawa miiba.

Kiboko akaitazama runinga. Akaitazama pedi. Akamtazama Pimbi.

"Pimbi."

"Naam, Mzee."

"Sikushika."

"Nimeona, Mzee."

"Umekwenda wenyewe."

Pimbi akatafuta neno kulia, akatafuta kushoto. "Mzee," akasema, "umeuzoesha kushinda. Ng'ombe akizoea zizi si hurudi peke yake?"

Mmm, mmm, mmm. Kiboko akafikiri muda mrefu kuliko siku zote. Kisha midomo yake mikubwa ikaanza kutetemeka, na wote wakadhani wamekwisha.

"Basi mimi nitamwachiaje Kanga ashinde?" akasema kwa sauti ya kulia. "Nimekuwa hodari kupita kiasi!"

Pimbi akamwangalia, na safari hii haya zake hazikuwa kidogo. Akamwekea ile pedi nyekundu mkononi. "Chukua hii, Mzee. Ukicheza na hii utashindwa. Nakuapia, utashindwa vibaya sana."

"Kweli?"

"Kwa kichwa changu."

Wakaanza upya. Pimbi akashika ile iliyokufa. Ngr-ngr-ngr-ngr! Buluu ukatangulia, Kanga akafuata akiwa ametulia kwenye kona. Na Kiboko? Gumba likabonyeza vyote. Mkokoteni mwekundu ukaruka kona nzima, ukatua chini mbele ya wote, ukageuka, ukaanza kupanda mlima kinyumenyume, moja kwa moja hadi mbele ya ule wa buluu. PWAA! Mahindi yakamwagika barabara nzima, yote miwili ikaviringika shimoni. Kanga akapita katikati ya mahindi, mdomo wazi, bila kupumua.

"WA KWANZA!"

Kanga alilia, bila shaka. Nungunungu akaja wa pili, buluu ukajikwamua ukawa wa tatu, na mwisho kabisa ukafika mwekundu hauna gurudumu hata moja.

"WA NNE!"

"Wa nne!" akapiga kelele Kiboko. "Mmesikia? Wa nne!" Akamnyanyua Kanga juu, akaimba wimbo wake, na safari hii wa kwanza hakuwa yeye.

Wakamsindikiza Kanga mpaka ng'ambo, matone ya mvua yakianza. Waliporudi, Kiboko aliichukua pedi ya Kanga, akaifuta, akaifunga kwa kitambaa safi, akaiweka juu ya kabati. "Hii ni ya Kanga. Haiguswi mpaka arudi." Pedi yake nyekundu akaiweka mapajani. Kisha akaiokota ile ya buluu, akaishika kwa mikono miwili.

"Pimbi, hii ilikuwa yako. Uliniomba ukalia, mimi nikakunyang'anya kwa nguvu. Nilikukosea. Ichukue mwanangu, pedi ya bahati, na kila ukija hapa utacheza nayo hiyo hiyo, maisha yako yote."

Pimbi akafungua mdomo. Akatafuta neno kulia, akatafuta kushoto. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakupata hata moja.

"Asante, Mzee," akasema.

Mpaka leo ukipita kando ya mto utawakuta. Nungunungu anacheza. Kiboko anacheza, wa mwisho siku zote, na anacheka. Katikati yao ameketi Pimbi, anabonyeza vitufe visivyorudi.

Na funzo, wanangu, ni hili: uwe mjanja, maana mjanja hushinda kila mara. Muulizeni Pimbi. Ameshinda mara mia tatu na kumi na mbili, na hajacheza hata moja.

— Ngano yangu imechoka.
— Iache ikalale!
— Na nyie?
— Sisi bado tunacheka!