Taa Zote Ziliwaka Mbinga

Kuwaka si kupatana. Mliisikia jana kwa Mama Nchimbi pale kwenye mashine ya kusaga, alipoulizwa kwa nini uchumba wa binti yake umevunjika ilhali bwana ana kazi na binti ana sura. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Basi mmekuja kwa mwenyewe. Methali hii ilianza hivi, na mwanzo wake ni kosa langu.

Mimi sikusoma kwa mpangilio. Darasa la tatu nililisomea Tunduru, la tano Masasi, na mambo ya umeme niliyaokota njiani nikibeba vyombo vya bendi mji hadi mji. Mwaka ule nilikuwa nimetua Mbinga, fundi wa sauti wa kikundi cha ngoma cha Mzee Gaudensi Kinunda.

Mzee Kinunda alikuwa na mdogo wake, Osmundi. Ujanani walitunga wimbo wa kupokezana: mkubwa anaita, mdogo anajibu. Baadaye waligombania mpaka wa shamba la kahawa la baba yao. Osmundi akahamia Dar es Salaam, na kwa miaka thelathini hawakusemeshana. Halafu simu ikaja kutoka kwa Edita, binti wa Osmundi. Baba amelazwa, hawezi kusafiri, siku zake ni chache. Anaomba jambo moja: amwone na kumsikia kaka yake akiimba ule wimbo, na ngoma zote, mubashara kwa video. Yeye atajibu pale pale kitandani. Tukapanga Jumamosi, saa kumi alasiri.

Kompyuta hatukuwa nayo. Kikundi kilichanga, nikatumwa Songea kununua. Mwalimu Skolastika Kapinga, aliyefundisha kompyuta sekondari, alisema ataiwekea mfumo wa Linux wa kuiendeshea, maana haudai leseni na yeye anaujua ndani na nje. Akaniandikia karatasi.

"Mzee wangu, usinunue kwa sura," aliniambia. "Kompyuta iwe na feni tulivu, maana maikrofoni haichagui cha kusikia. Lakini cha kuangalia zaidi ni hiki kisanduku cha sauti, cha kuingizia maikrofoni kwenye kompyuta. Ukikikosa nilichoandika, nipigie unitajie jina na namba ya kingine, niangalie kama Linux inakijua. Vingine vinadai programu ya kiwandani kwao, na Linux hawakuitengenezea."

"Mwalimu," nikamjibu, "mimi nimefunga spika wewe hujazaliwa."

Dukani kile kisanduku kilikuwepo. Kilikuwa kimetumika, kimechubuka pembe, kina matundu mawili tu. Kando yake kulikuwa na kipya chenye matundu manane na mstari wa taa za kijani. Muuzaji aliniona nilipotazama.

"Baba, hicho kimechoka. Hiki ndicho cha wakubwa."

Na mnajua desturi yetu: hata balbu haitoki dukani mpaka ichomekwe mbele yako iwake. Akachomeka kisanduku, kikawaka. Akachomeka kompyuta, ikawaka mpaka feni zake, nyekundu na buluu kama harusi. Kila kimoja kwenye soketi yake. Nikaridhika. Halikunijia kabisa wazo la kumwambia, hebu kiunge hiki na hiki. Na simu sikupiga.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Ningerudi Alhamisi, mwalimu angepata siku mbili za kujaribu. Lakini miguu yangu mimi haijawahi kujua njia iliyonyooka. Nikapitia Peramiho kumsalimu rafiki, nikafika Mbinga Jumamosi saa sita mchana.

Saa kumi tulikuwa katika ukumbi wa ushirika wa kahawa. Wacheza ngoma wamevaa nyeupe, Mzee Kinunda mbele, na kwenye kioo cha kompyuta tunamwona Osmundi ameegemezwa mito, amevaa koti juu ya nguo za hospitali. Alikuwa amelivaa kwa ajili ya kaka yake. Anatuona, na sauti yake tunaisikia. Yetu haimfikii, na kompyuta yenyewe haina maikrofoni yake.

Mwalimu akaangalia, akaangalia tena. "Linux haikioni hiki kisanduku. Kwake ni kama hakuna kitu."

"Hakionekani vipi na taa zote zinawaka?"

"Taa zinakula umeme tu, mzee wangu. Tupige simu ya kawaida, asikie hata kwa simu."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. "Ngoma nzima kwa simu?" nikasema. "Nipe dakika tano." Nikachomoa, nikachomeka. Nikabadili waya. Nikazima, nikawasha. Dakika tano zangu zikafika saa kumi na moja na nusu, na wacheza ngoma wamekaa chini na nguo zao nyeupe.

Ndipo tukamsikia Osmundi, polepole. "Kaka, mbona umenyamaza? Bado una hasira na mimi?"

"Sina, Osmundi! Sina!" Mzee Kinunda alipaza sauti mpaka ukumbi ukaitikia. Kule kwenye kioo mdogo wake alikuwa bado anatazama, anangoja. Kisha akajilaza kwenye mto.

Nikajitetea. Mpaka leo naona aibu. "Mzee, vyombo si vibovu. Angalia mwenyewe, vyote vinawaka."

Hakunigombeza. "Naona, fundi. Mimi na Osmundi tumewaka miaka thelathini, kila mtu kwake. Watu walituita wazima. Kuwaka si kupatana." Akamgeukia mwalimu. "Mwanangu, piga hiyo simu."

Edita akapokea, akaiweka sikioni mwa baba yake. Mzee Kinunda akaimba bila ngoma, mstari ule wa kuita. Akanyamaza, kumpa mwenzake nafasi. Tukangoja. Akaita tena.

"Baba mkubwa," ikaja sauti ya Edita, "amelala. Amechoka kungoja. Kesho asubuhi nitakupigia."

Alipiga kweli, Jumapili, kabla ya misa. Ilikuwa habari ya msiba.

Wiki iliyofuata mwalimu alinipeleka Songea, tukabadilisha kisanduku dukani. Tuliporudi, kile kilichochubuka pembe alikichomeka kwenye kompyuta akiwa bado amesimama, na sauti ikaingia kabla hajavuta kiti. Nilitoka nje.

Nilihama Mbinga mwaka uleule, na kila nilipotua nimeikuta methali imetangulia; wengi waisemao hawamjui Osmundi. Lakini niliwahi kurudi mara moja, nikamkuta Mzee Kinunda akiimba. Anaita mstari wake, kisha ananyamaza ngoma zikiendelea, urefu kamili wa jibu, ndipo anaita tena. Wageni hudhani amesahau maneno.

Kuwaka, wajukuu zangu, si kupatana.